Irente na Jirani Zake: Kumbukumbu ya Shule ya Wasioona ya Usambara na Wasimamizi Wake

Mto Sigi huzaliwa katika misitu ya Amani, upande wa mashariki wa milima ya Usambara, na baada ya kupita chini ya miti ambayo vilele vyake humezwa na ukungu tangu alfajiri hata wakati wa dhuha, huteremka penye mashamba ya iliki, mdalasini na mikarafuu, ukafika nchi ya Wabondei, na kabla ya kuingia baharini hukingwa katika lambo la Mabayani, ambako watu wa Tanga hupata maji yao ya kunywa. Kijiji cha Sigi, kilichopo njiani kupanda Amani, kilikuwa zamani kituo cha mwisho cha reli nyembamba ambayo Wadachi waliijenga kutoka Tengeni mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuteremsha magogo na mbao. Na juu yake, mwaka 1902, waliasisi taasisi ya elimu ya mimea na kilimo, ambamo mche uliovushwa bahari kutoka nchi za mbali ulipewa kitalu chake, kibao chake, na jina lake la Kilatini katika daftari. Kazi ile ilikuwa ya ustadi mkubwa, na miti yake mingine ingali imesimama. Walakini mtoto asiyeona aliyezaliwa katika kitongoji kilichopakana na bustani ile hakuwa na kibao wala daftari. Alikaa karibu na mafiga, akawasikia wenzake wakienda mtoni na kurudi, akakua, na aghalabu akafa, pasipo mtu yeyote mwenye mamlaka kujua kwamba alikuwapo. Historia ninayokusudia kuisimulia hapa ni ya namna mtoto huyo alivyoingia katika daftari, na ya watu walioshika kalamu.

Katika milima hiyo hiyo walikuwapo waliokwisha kuanza hesabu ya namna nyingine. Wamisionari wa Kilutheri walipanda Usambara mwaka 1891 wakajenga Mlalo, na auni yao kubwa ilitoka Bethel, penye mji wa Bielefeld katika Ujerumani, ambako tangu mwaka 1867 palikuwa na makao ya watu wenye kifafa, yaliyokuzwa na Kasisi Friedrich von Bodelschwingh hata yakawa kama mji mzima wa watu ambao ulimwengu haukuwa na mahali pa kuwaweka. Mwaka 1896 wamisionari hao walifungua nyumba huko Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Na miaka michache baadaye, watoto wale walipokwisha kukua, nyumba ikapokea wagonjwa wa akili, nayo hata leo ni hospitali ya wagonjwa hao, mojawapo ya zile kongwe kabisa katika Afrika ya Mashariki. Sisemi kwamba yote yaliyotendwa huko katika miaka ya kale yalikuwa ya kupendeza, kwa maana elimu ya siku zile juu ya maradhi ya akili ilikuwa changa mahali pote duniani. Nasema tu kwamba Usambara ulijifunza mapema jambo ambalo wilaya nyingine zilichelewa kulijua: ya kuwa mtu ambaye aila yake imeshindwa kumhudumia yafaa awe na mahali, na mahali hapo pawe na mtu wa kupasimamia, na msimamizi huyo awe na daftari.

Katika enzi ya Waingereza elimu ya watoto wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili iliachwa mikononi mwa makanisa na mashirika ya hisani. Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa na Waanglikana huko Buigiri, katika Dodoma, mwaka 1950. Miaka kumi na mbili ikapita kabla ya kupatikana ya pili, ile ya Furaha huko Tabora, mwaka 1962. Mwaka uliofuata zikazaliwa mbili kwa pamoja: Wakatoliki walifungua shule ya viziwi huko huko Tabora, na Walutheri wakafungua shule ya wasioona katika Irente, karibu na mji wa Lushoto. Mwaka huo wa 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja, ambalo sasa tunaliita KKKT, na lile la Usambara na Digo lilikuwa miongoni mwake. Kwa hiyo Irente ni hirimu ya Kanisa lililoizaa, na wote wawili wamezeeka pamoja.

Irente iko juu ya ukingo wa milima, kilomita chache kutoka mjini. Nyuma yake ni mashamba ya kabichi, viazi na matunda ya nchi za baridi. Mbele yake ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa, takriban mita 1,000, iko Mazinde pamoja na mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai ambayo mwisho wake jicho haliufikii. Wageni kutoka mabara yote hupanda huko kwa ajili ya mandhari hayo, nami siwalaumu. Lakini nimekuwa nikifikiri, kila nilipopita njia ile, kwamba wenyeji halisi wa mahali pale wanapajua kwa mlango mwingine: kwa upepo unaopanda kutoka nyikani na kumpiga mtu usoni kabla hajaufikia ukingo, kwa harufu ya mikaratusi, kwa baridi ya Julai inayofanya ganzi katika ncha za vidole. Hilo la baridi si jambo dogo. Mtoto ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hawezi kusoma, na mwalimu mkuu wa shule ya wasioona katika milima mirefu hana budi kufikiria kuni na maji ya moto kama vile wenzake wanavyofikiria chaki.

Mtoto anayetoka Sigi kwenda huko hasafiri kwa mstari ulionyooka. Bonde la Lwengera limeigawa Usambara pande mbili, na hakuna gari linalovuka kutoka kilele hata kilele. Hivyo mzazi humteremsha mtoto wake hadi Muheza, wakashika njia kuu kwenda Korogwe na Mombo, kisha wakapanda ile barabara ya Soni ambayo huzunguka na kuzunguka kandokando ya mto kiasi cha kilomita 33 hata Lushoto, na mtoto asiyeona, ambaye haoni genge lakini analisikia tumboni mwake, aghalabu hufika amechoka kwa kutapika. Huja na Kibondei chake au Kisambaa. Mwenzake wa pwani huja na Kidigo, wa Handeni na Kizigua. Kiswahili huwa ndicho kitanda chao cha kwanza cha pamoja.

Yafaa sasa tutazame kwa karibu kile anachokuja kujifunza, kwa kuwa pasipo kukitazama hatutafahamu kwa nini usimamizi wa shule ya namna hii ni elimu ya peke yake. Mtoto wa darasa la kwanza hupewa kibao cha chuma chenye bawaba, ambacho katikati yake hubanwa karatasi nene, pamoja na kalamu fupi yenye ncha ya chuma na kichwa cha kukaa kiganjani. Huchoma nukta kutoka kulia kwenda kushoto, maadamu nukta hujitokeza upande wa pili wa karatasi. Akiisha kuigeuza, huzisoma kwa ncha za vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi a ni nukta moja. B ni mbili zilizopandana. Na zilizobaki zote, pamoja na tarakimu na vituo, hutokana na nukta sita, kwa hati aliyoikamilisha Mfaransa Louis Braille mwaka 1824 alipokuwa kijana wa miaka 15, naye alipoteza macho yake utotoni kwa ajali katika karakana ya baba yake. Mtoto akipanda madarasa hupewa mashine ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta na kimoja kirefu cha nafasi katikati yake, na kengele ndogo hulia mstari unapokaribia kwisha. Ukisimama nje ya darasa la wasioona wakati wa imla, utasikia kishindo cha vitufe kama mvua juu ya bati, na ndani yake kengele zikipokezana, moja hapa, moja kule, kila mtoto akifika mwisho wa mstari wake kwa wakati wake.

Sasa fikiri hesabu ya mambo hayo. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huwa kurasa mbili au tatu za breli, au zaidi, kwa hiyo kitabu ambacho mtoto anayeona hukitia mfukoni, mwenziwe asiyeona hukibeba kwa mikono miwili. Karatasi ya daftari la dukani haifai, kwa kuwa nukta hulala baada ya kuguswa mara chache. Mashine hutoka ng'ambo, na springi yake ikikatika, fundi wa cherehani hana ya kuiweka badala yake. Vitabu vya breli huchapwa Dar es Salaam, na vikichelewa, mtaala mpya huanza kwa wenye macho na kuwaacha wasioona katika mtaala uliokwisha kufutwa. Fauka ya hayo, shule ni ya bweni: yuko mlezi wa usiku, yuko mpishi, yuko mtoto anayeumwa, na yuko yule ambaye likizo imefika na hakuna mtu aliyekuja kumchukua. Msimamizi wa shule ya namna hii hutumikia mabwana watatu kwa pamoja. Wizara ya Elimu humletea mtaala na wathibiti ubora; Halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI, humpangia walimu na mafungu ya fedha; na Kanisa ndilo mwenye nyumba. Kila mmoja wa hao ana fomu yake, na fomu zenyewe kwa miaka mingi zilitungwa kwa ajili ya shule ambayo mtoto wake hununuliwa daftari kwa senti na kwenda nyumbani saa nane mchana.

Hapa ndipo ilipoanza, kwa maoni yangu, ile kazi ambayo haijaandikwa vya kutosha katika historia zetu za elimu. Tunawasifu waasisi, na ni haki yao. Tunawasifu walimu, nao wamestahili. Lakini mwalimu mkuu anayekaa hadi usiku akiandika barua ya tatu kwa ofisi ile ile kuomba karatasi nene, huyo hatumsifu, kwa kuwa kazi yake ikifanikiwa haionekani. Niliwahi kuingia, miaka mingi iliyopita, katika ghala la shule moja mbali na milima hii, ambayo sitaitaja, nikakuta mashine za breli zimefunikwa kwa magunia zimelala na vumbi lake, na walimu wakaniambia kwamba zimeharibika. Nilipouliza zimeharibika nini, nikaambiwa hakuna ajuaye, kwa kuwa mkuu aliyezipokea alihamishwa, na aliyekuja baada yake alitoka shule ya kawaida wala hakuna mtu aliyemweleza. Katika chumba cha pili watoto walikuwa wakiandika kwa zamu, wanne kwa kibao kimoja. Sijalisahau ghala lile. Mashine zenyewe huenda zilihitaji mafuta na bisibisi, na mkuu yule, aliyekuwa mtu mwema, alihitaji mwenziwe mmoja wa kumwuliza.

Kumpata mwenzi wa kumwuliza kumechukua miongo mingi, nako kulianza kwa njia ambazo hazikukusudiwa. Mwaka 1979 Serikali iliasisi huko Bagamoyo chuo cha kuwafunza viongozi wa elimu, kilichojulikana kwa jina la MANTEP, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM. Masomo yake yalikuwa yale ambayo kila mkuu wa shule huyahitaji: mipango, hesabu za fedha, sheria, kukaa na watu. Kwa upande wa ualimu wenyewe, Chuo cha Ualimu Tabora kilifunza walimu wa wasioona kwa kitambo, na baadaye Patandi, katika Arusha, pakawa ndipo nyumbani pa elimu maalumu: walimu wa wasioona, wa viziwi na wa wenye ulemavu wa akili wakala katika bwalo moja na kulala katika mabweni mamoja. Ukizungumza na wakuu wa shule waliopita huko, utaona kwamba hukumbuka mihadhara kidogo na majina ya wenzao sana. Mtu wa Irente alimjua mtu wa Buigiri. Mtu wa kitengo kilichobanwa nyuma ya shule ya msingi ya mjini alimjua mtu wa Viziwi Mwanga, shule ambayo Walutheri waliifungua Kilimanjaro mwaka 1981. Na tangu hapo, fundi wa Perkins alipopatikana mahali pamoja, habari zilifika mahali pengine kabla ya waraka.

Kisha Lushoto wenyewe ukapata chuo. Mwaka 2007, huko Magamba, karibu na msitu, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilifungua chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, kikaitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, mtu wa Usambara, aliyekuwa Mkuu wa KKKT tangu mwaka 1976 hadi mwaka 1992. Na wakati vyuo vingine vipya vilikuwa vikianza kwa biashara na sheria, hiki kilianza kwa shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Uchaguzi ule ulitokana na historia. Mahali ambapo pana Lutindi na Irente, na ambapo katika miaka ya 2000 paliongezwa Shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, palikuwa tayari na maabara ambayo fedha haiwezi kuinunua: watoto wenyewe, wazazi wao, na wasimamizi waliokwisha kukosea na kujirekebisha mara nyingi.

Nataka nitoe mfano mmoja wa maarifa ambayo hayapatikani ila kwa wenye kazi kukaa pamoja. Vitabu vya ng'ambo humfundisha mwalimu kumweleza mtoto asiyeona mahali pa chakula katika sahani kwa mfano wa uso wa saa: mboga ziko penye tatu, nyama iko penye tisa. Mfano ni mzuri, na mtoto anaweza kushika saa isiyo na kioo akajifunza. Lakini mshale ukiwa penye tatu ya Mwingereza, Mswahili husema ni saa tisa; na mtoto aliyezoea nyumbani kuhesabu saa kwa mapambazuko na machweo, akiambiwa kwamba mboga ziko penye saa tatu, atapeleka mkono wake upande wa nyama, na mgeni atadhani kwamba mtoto hajui kushoto na kulia. Jambo hili ni dogo kama punje. Hata hivyo mambo ya namna hiyo yako mamia, katika fimbo nyeupe na njia za milimani ambazo hazina ukingo wa lami, katika lugha ya alama na watoto ambao kwao husemwa Kisambaa, katika upimaji wa akili kwa picha za vitu ambavyo mtoto wa Mlalo hajapata kuviona. Na hakuna mtu mmoja anayeweza kuyagundua yote peke yake katika umri wa utumishi wake.

Naam, elimu ya wasimamizi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni utetezi, na huu nao ulifanywa zaidi kwa daftari kuliko kwa kelele. Chama cha Wasioona kilikuwapo tangu miaka ya 1960, kikisema kwa kinywa cha wenye jambo lenyewe. Baadaye vyama vya viziwi, vya wenye ulemavu wa viungo, vya wenye ualbino na vya wazazi vikajiunga katika shirikisho moja. Wao ndio waliokuwa na haki ya kudai, na walidai. Walakini daawa huhitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa katika kabati za walimu wakuu: watoto wangapi waliandikishwa, wangapi walirudi nyumbani na kwa sababu gani, nani alifanya mtihani wa darasa la saba katika breli na nani aliupata mtihani umechelewa. Matokeo ya juhudi za watu wengi namna hiyo tunayaona leo. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, nalo huwapa watahiniwa hao muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyejua breli ataona kwamba dakika hizo ni fadhila. Anayeijua atakumbuka kwamba mtoto asiyeona hawezi kuutupia swali jicho la haraka. Kila rejeo ni safari ya kidole kutoka mwanzo wa mstari, na mchoro wa pembetatu husomwa upande mmoja baada ya mwingine.

Sheria nazo zikafuata. Ilitoka Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu mwaka 2004. Tanzania ikauridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, miaka mitatu baada ya kupitishwa kwake. Na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka huo. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilipatwa na msiba wa kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino, na wazazi wakawakimbiza watoto wao kwenye shule za bweni za elimu maalumu, ili wapate kuta na mlinzi kabla ya kupata kalamu. Wasimamizi wakatwikwa dhima ambayo hakuna chuo kilichowafundisha. Walipaswa pia kuitunza tofauti ambayo watu wengi hawaijui: mtoto mwenye ualbino kwa kawaida si kipofu, huhitaji kiti cha mbele, herufi kubwa, kofia ya ukingo mpana na mafuta ya kukinga jua. Pasipokuwa na mtu wa kuliangalia hilo, hufundishwa breli pamoja na wenzake, naye huinamia karatasi akazisoma nukta kwa macho yake yenye taabu, akayachosha macho yasiyokuwa na haja ya kuchoshwa.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu waliunda baraza lao mwaka 1922, na wasimamizi wa elimu hiyo, baada ya kuona kwamba mkutano wa walimu hauwezi kubeba masuala ya bajeti, magari, waajiriwa na mahakama, wakajitengea baraza lao ndani ya lile kubwa, la kufunzana kazi na kuwasemea watoto mbele ya watunga sheria. Nalo lilikuwapo tayari mwaka 1975 ilipotoka sheria iliyoziamuru shule zote za umma kumpokea kila mtoto mwenye ulemavu. Sisi hapa wakuu wa shule za sekondari wanao umoja wao, na wa shule za msingi wanao wao, na katika halmashauri yuko afisa wa elimu maalumu ambaye aghalabu huwa mmoja kwa wilaya nzima, na wilaya yenyewe ni milima mitupu. Natamani kuona siku ambayo maafisa hao na wakuu wa shule na vitengo vya elimu maalumu, kutoka Irente hadi Tabora, watakuwa na baraza lao la kudumu, lenye katibu na kumbukumbu za mikutano, ili udugu uliojengwa katika bwalo la Patandi usitegemee tena namba za simu zilizo katika kifua cha mtu mmoja anayekaribia kustaafu.

Tena haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu ilipokuja kauli ya elimu jumuishi. Mwaka 1994, huko Salamanca katika Uhispania, wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 walikubaliana kwamba shule ya kawaida iwafungulie mlango watoto wote. Nayo Tanzania ikatunga Mkakati wake wa kwanza wa Taifa wa Elimu Jumuishi kwa miaka ya 2009 hadi 2017. Naiamini kauli hiyo kwa moyo wote, kwa maana hakuna mzazi wa Sigi ambaye angechagua kumpeleka mtoto wa miaka saba ng'ambo ya bonde la Lwengera kama angeweza kusoma karibu na nyumbani. Lakini mtoto asiyeona aliyekalishwa katika darasa la watoto themanini, pasipo kibao wala kalamu wala mwalimu ajuaye nukta, hajajumuishwa. Amewekwa tu. Shule kama Irente hazina budi kubaki kama visima vya maarifa ambavyo walimu wa shule za kawaida watakuja kuchota, na kazi hiyo ya kuwapokea walimu, kuwazungukia vijijini na kuwaazima vifaa huangukia meza ile ile ya mwalimu mkuu, ambayo tayari imelemewa.

Siku ya kufungua shule, mwezi wa Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na ardhi ya Irente ingali nyekundu na laini, nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi nikatazama. Alikuja mama aliyetoka upande wa Muheza, amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kama minane, na juu ya kichwa amejitwika sanduku la bati jipya. Akamwamkia mwalimu, "Shikamoo, mwalimu," akaitikiwa, akaanza kumweleza habari za mtoto. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto mwenyewe akamwuliza jina lake. Mtoto akanyamaza. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa yeye. Mama alitaka kujibu badala yake, na mwalimu akamwashiria angoje kidogo. Tukangoja, na baada ya kitambo mtoto akalitaja, kwa sauti ndogo, jina lake na la baba yake. Mwalimu akaliandika katika daftari la uandikishaji: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kata, namba ya simu ya afisa elimu kata, na jina la mtu atakayekuja kumchukua likizo ya Juni. Kisha akavuta mashine ya Perkins iliyokuwa juu ya meza, akaweka kipande cha karatasi nene, akapiga vitufe mara chache, akakikata kwa mkasi na kukibandika juu ya kifuniko cha lile sanduku la bati. Akaushika mkono wa mtoto, akaupeleka polepole hadi pale, akaweka kidole cha shahada juu ya nukta ya kwanza. "Hili ni jina lako," alimwambia. Mama alikwisha kufungua khanga kutafuta nauli ya kurudia. Mlezi alikuwa amesimama mlangoni akingoja kumpeleka bwenini. Na mtoto alikuwa bado ameinama juu ya sanduku, kidole chake kikienda na kurudi.